Injini ikilia ‘tiki-tiki’, tega sikio kabla ya kufungua pochi

HAKUNA sauti inayomnyima mwenye gari usingizi kama ile ‘tiki-tiki-tiki’ inayoanza chini ya boneti bila kubisha hodi. Asubuhi haikuwapo, jioni ipo. Ukikanyaga mafuta inakwenda mbio, ukiachilia inapunguza mwendo, utadhani fundi wa saa amejificha humo ndani.

Msomaji mpendwa, sauti hiyo ina maana nyingi. Huenda ikawa ni kilio kidogo kinachotulizwa kwa lita moja ya oili, ambayo bei yake ni kama ya kuku mmoja katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii. Huenda pia ikawa ni onyo la mwisho kabla injini haijasagika na kukuachia gari la kufugia kuku hao. Juma hili tutazame namna ya kutofautisha moja na lingine, bila mitambo ya bei ghali na bila kubahatisha.

Mfano wetu tutauchukua kutoka Kisii na Nyamira, na sababu ni mbili. Kwanza, huko ndiko gari aina ya Toyota Probox lilikogeuka kuwa ng'ombe wa maziwa wa familia nyingi. Lilianza kuundwa nchini Japani mwaka 2002 ili liwe gari la kubebea mizigo midogo ya maduka na ofisi, lakini katika milima ya Gusii linabeba watu, mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi na hata vitanda. Pili ni milima yenyewe. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Keroka au Nyamira unazidi kupanda. Kasoro ambayo katika tambarare za Ahero ingeweza kujificha kwa miezi, huko hutoka hadharani kwa siku chache.

Chukulia kwamba yuko mama mmoja wa Nyamira, mwalimu wa shule ya msingi na mkulima wa majani chai. Amechukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo, akaongezea bonasi ya majani chai, akanunua Probox na kumkabidhi kijana wa jirani aiendeshe kati ya Nyamira na Kisii. Kila jioni kijana humletea hesabu ya siku. Kwa hesabu hiyo mkopo unalipwa na mtoto yuko shuleni, kidato cha tatu. Siku injini ya gari hilo itakapoanza kulia, hakitakuwa chuma peke yake kinacholia. Italia karo, utalia mkopo, na italia kazi ya yule kijana.

Kwa nini injini hulia

Ili uelewe kilio, elewa kwanza ukimya. Probox nyingi zina injini ya lita moja unusu ambayo Toyota huiita 1NZ. Ina silinda nne na valvu 16, yaani milango midogo ya kuingizia hewa na mafuta, na ya kutolea moshi. Valvu hizo husukumwa na vyuma viwili virefu vyenye nundu, viitwavyo kamshafti, vilivyolala juu ya injini. Chini kabisa kuna krankshafti, ambayo husukumwa na pistoni na ndiyo hatimaye huzungusha magurudumu. Kila krankshafti inapozunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja.

Wanafunzi, chukueni kalamu. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma taratibu, krankshafti huzunguka kiasi cha mara 700 kwa dakika. Kamshafti basi huzunguka mara 350. Kila valvu hufunguka na kufungika mara 350 kwa dakika, karibu mara sita kwa sekunde. Zidisha kwa valvu 16 upate 5,600. Hayo ni mapigo 5,600 kila dakika, na gari halijasogea hata hatua moja! Ajabu ni kwamba katika injini yenye afya mapigo yote hayo husikika kama cherehani iliyotiwa mafuta.

Ukimya huo unaletwa na mambo mawili. La kwanza ni oili, ambayo hujipenyeza kati ya chuma na chuma ili visigusane. La pili ni nafasi. Kati ya nundu ya kamshafti na tapeti, yaani kile kikombe kidogo cha chuma kinachokaa juu ya valvu, huachwa upenyo mdogo kwa sababu chuma hutanuka kikipata moto. Katika injini ya 1NZ iliyo baridi, upenyo huo ni kati ya milimita 0.15 na 0.25 kwa valvu za kuingizia, na kati ya milimita 0.25 na 0.35 kwa valvu za kutolea moshi. Karatasi moja ya kupigia chapa ina unene wa karibu milimita 0.1. Kwa hivyo tunazungumza habari ya karatasi mbili au tatu tu! Upenyo ukizidi hapo, au oili ikikosa kufika, nundu hugonga badala ya kusukuma. Hapo ndipo ‘tiki-tiki’ huzaliwa.

Anza na kijiti cha oili

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hata kama jirani yako ameshasema ni tapeti, na shemeji yako ameshasema ni beringi, hatua ya kwanza ni kuchomoa kijiti cha kupimia oili.

Hapa wakazi wa Kisii na Nyamira wana mtihani wao. Mahali tambarare ni adimu kama maziwa ya kuku. Ua umeinama, barabara imeinama, hata steji imeinama. Ukipima oili gari likiwa limeinua au kuinamisha pua, kijiti kitakudanganya. Afadhali upimie katika uwanja wa kituo cha petroli, ambao aghalabu umesawazishwa. Zima injini, ngoja dakika tano hadi kumi ili oili iteremke kwenye karai lake la chini, chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe hadi mwisho, kisha ukichomoe tena usome. Oili inafaa kuwa kati ya alama ya chini na ya juu. Katika magari mengi madogo, tofauti ya alama hizo mbili ni karibu lita moja.

Injini ya 1NZ hutiwa lita 3.7 za oili inapobadilishwa pamoja na filta. Dereva akizembea hadi lita moja unusu ikapotea, amebakiwa na zaidi kidogo ya nusu. Katika barabara iliyonyooka huenda asisikie neno. Akianza kupanda mlima na abiria garini, oili iliyobaki hukimbilia upande mmoja wa karai, na pampu hunyonya hewa badala ya oili. Tapeti, ambazo ziko juu kabisa, huwa za kwanza kulalamika. Kwa hivyo ukisikia ‘tiki-tiki’ mlimani na kimya ukifika juu, usianze kumshukuru Mungu. Simama upime oili.

Kijiti kikionyesha kwamba oili ni kamili na kilio kingalipo, chungulia chini ya gari. Barabara za mashambani zina mawe yaliyochongoka, na Probox iliyolemewa huwa karibu sana na ardhi. Jiwe likibonyeza karai la oili kwa ndani, linaweza kuziba mdomo wa pampu hata kama hakuna tone lililovuja. Karai lililobonyea si jambo la kupuuza.

Na ile taa nyekundu yenye picha ya birika? Wengi hudhani inawakumbusha kuongeza oili watakapopata nafasi. La hasha! Taa hiyo haipimi wingi wa oili bali presha yake. Ikiwaka injini ikiwa inanguruma, maana yake ni kwamba oili haifiki inakotakiwa. Zima injini papo hapo, hata kama umebakisha kilomita moja tu ufike nyumbani. Kilomita hiyo moja yaweza kukugharimu injini nzima.

Ukiongeza oili na sauti ikatoweka, kazi haijaisha. Jiulize oili ilikwenda wapi. Ama inavuja, na utaona madoa mahali gari lilipolala, ama inaungua, na utaona moshi wa samawati nyuma ya gari. Kuongeza oili kila juma bila kuuliza swali hilo ni kumpa mgonjwa maji bila kumtafutia tiba.

Sauti huja wakati gani?

Daktari mzuri hakuulizi tu unaumwa wapi, bali pia unaumwa lini. Nawe jiulize hivyo hivyo.

Iwapo sauti husikika asubuhi unapowasha gari, kisha hunyamaza baada ya sekunde mbili tatu, huenda ni oili tu iliyoteremka usiku na sasa inarudi juu. Ikikawia zaidi, angalia filta. Filta nzuri ina mlango wa mpira unaozuia oili kuteremka gari likiwa limelala. Ya bandia huenda haina, au inao usiofanya kazi. Na ikiwa mlio ni wa kuchakacha kama mnyororo wa baiskeli uliolegea, kumbuka kwamba 1NZ hutumia cheni, si mshipi wa mpira, kuzungushia kamshafti. Cheni hiyo hukazwa kwa presha ya oili. Oili chafu na cheni iliyochakaa hujitangaza asubuhi.

Iwapo sauti hudumu dakika kadhaa injini ikiwa baridi, kisha hufifia inapopata moto, shuku moshi unaovuja mahali bomba linaposhikana na injini. Mlio wake hufanana sana na wa tapeti, na mafundi wengi wamefungua injini bure kwa sababu yake. Chuma kikipata moto hutanuka na kuziba ufa, ndiyo maana sauti hupungua. Tafuta masizi meusi kwenye gasketi ya bomba hilo. Usilicheke tatizo hili ati kwa kuwa injini ni nzima. Moshi unaovuja mbele unaweza kuingia ndani ya gari, na umebeba kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua. Katika nchi ya mvua nyingi kama Gusii, ambapo abiria hufunga madirisha yote, hatari hiyo ni kubwa.

Iwapo ni kinyume chake, yaani injini ni kimya ikiwa baridi na huanza kulia ikishapata moto, hapo pana jambo. Oili ikipata moto huwa nyepesi. Ikiwa pampu imechoka, beringi zimelika, au oili yenyewe si ya aina inayotakiwa, presha hushuka. Gari kama hilo lifikishe kwa fundi mapema.

Na iwapo husikika tu gari linapolemewa mlimani, mlio mkavu kama kokoto ndani ya kopo, basi huenda si chuma kinachogonga bali ni mafuta yanayolipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Teremsha gia usikie kama utakoma. Mafuta yaliyochanganywa na mafuta taa huleta mlio huo. Uchanganyaji huo ulikuwa umekithiri nchini hata serikali ikaanzisha ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mnamo Septemba 2018, ili wachanganyaji wasipate faida. Nunua petroli kwenye kituo chenye jina la kulinda. Tena punguza mzigo! Gari lililoundwa kubeba watu watano haliwi basi kwa kuwa milango yake imekubali kufungwa.

Inatoka wapi?

Mnamo 1816 daktari mmoja wa Ufaransa, René Laennec, alikunja karatasi ikawa kama mrija, akaweka ncha moja kifuani mwa mgonjwa na nyingine sikioni mwake. Alisikia moyo waziwazi kuliko alivyowahi kuusikia. Hivyo ndivyo kile chombo ambacho madaktari huvaa shingoni kilivyoanza.

Wewe pia unaweza kuwa Laennec wa injini yako. Chukua kipande cha mpira wa kunyunyizia maji, urefu wa mita moja hivi. Shikilia ncha moja sikioni na upitishe nyingine polepole juu ya injini bila kuigusa. Mafundi wengi hutumia bisibisi ndefu: ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Sauti itakuwa kubwa zaidi mahali inapozaliwa.

Tahadhari kwanza. Vuta breki ya mkono na uweke jiwe nyuma ya gurudumu, kwani gari likiteremka halina urafiki. Ondoa tai, funga nywele, kunja mikono ya shati, na mama avue leso. Feni ya magari haya huweza kuanza kuzunguka yenyewe wakati wowote. Watoto wakae mbali.

Ukisikia sauti juu, chini ya kifuniko cha valvu, hiyo huenda ni tapeti au cheni. Ukiisikia ubavuni mahali bomba la moshi linapoanzia, tafuta masizi. Ukisikia kama pumzi, ‘chu-chu-chu’, kwenye shimo la plagi, huenda plagi imelegea na hewa ya silinda inatoroka. Mkaze fundi aikaze, nawe umeokoa makumi ya maelfu ya shilingi. Ukiisikia mbele, kwenye mikanda, tazama kama mkanda umechanika na kipande chake kinapiga mahali.

Ikiwa inatoka chini, na si ‘tiki-tiki’ bali ni ‘ko-ko-ko’ nzito inayozidi unapokanyaga mafuta, usiendeshe gari hilo tena. Hiyo ni dalili ya beringi ya krankshafti iliyokwisha. Likivutwa hadi gereji utagharimika. Likiendeshwa, chuma kinachoshika pistoni kinaweza kukatika na kutoboa ubavu wa injini, na hapo hakuna cha kutengeneza tena.

Fundi ana njia rahisi ya kuhakikisha. Huzima injini, huchomoa waya wa koili ya silinda moja, kisha huiwasha kwa sekunde chache. Mgongo wa beringi hupungua au hubadilika kwa sababu silinda hiyo haipati tena mlipuko. Mlio wa tapeti haujali. Huendelea vile vile.

Sauti zisizo na ugonjwa

Si kila mlio ni maradhi. Nozeli zinazonyunyiza petroli hulia ‘tik-tik’ ndogo ya haraka, na huo ni uzima. Ukizima gari baada ya safari ndefu ukasikia ‘tik… tik… tik’ kutoka chini, hilo ni bomba la moshi linalopoa na kunywea.

Tena kuna milio isiyotoka kwenye injini kabisa. Ili ujue, simamisha gari na ukanyage mafuta kidogo. Mlio usipofuata mwendo wa injini, bali hutokea tu gari likitembea, tazama magurudumu. Huenda ni kijiwe kilichokwama kwenye tairi. Ikiwa hulia hasa unapokata kona kali, ‘ta-ta-ta’, angalia vifundo vya ekseli za mbele na mipira inayovifunika.

Ukifika kwa fundi

Mafundi wetu wa jua kali wana akili na mikono ya kazi. Wameyafufua magari ambayo wenyewe waliyatoa kwa ajali. Lakini fundi ni kama daktari: ukimwambia tu “inapiga kelele”, atalazimika kukisia, na kukisia kwake utakulipia wewe. Ufikapo, mweleze hivi: “Fundi, hulia ikiwa na moto, si ikiwa baridi. Husikika juu upande wa kulia. Oili imejaa, na niliibadilisha mwezi jana.” Hapo atajua kwamba anashughulika na mtu anayelifahamu gari lake.

Kuna maneno ya kutahadhari nayo. Mtu akikuambia atakaza tapeti za injini ya 1NZ kwa bisibisi, muulize ataikaza skrubu ipi, kwani hazina. Zile Peugeot 504 zilizobeba abiria wa masafa marefu nchini miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na skrubu, na fundi aliweza kumaliza kazi kabla chai haijapoa. Katika 1NZ hupimwa upenyo wa kila valvu injini ikiwa baridi, kisha kikombe kisichofaa hubadilishwa kwa kingine chenye unene unaotakiwa. Ni kazi ya subira na ya vipimo. Mwombe fundi akuandikie vipimo vyote 16.

Tena usidhani kwamba kimya daima ni heri. Upenyo ukiwa mdogo kupita kiasi, tapeti hailii kamwe, lakini valvu haifungiki sawasawa na huungua polepole. Mtoto anayelia angalau amekuita. Fundi anayekaza kila kitu mpaka pakawa kimya huenda amekuuzia ugonjwa mbaya kuliko ule uliompelekea.

Usikubali pia kutiliwa oili nzito ili tu sauti izimike. Huko ni kumfunga mgonjwa mdomo. Kabla ya kukubali injini ifumuliwe, omba mambo mawili: presha ya oili ipimwe kwa geji, na mgandamizo wa kila silinda upimwe. Vipimo hivyo ni vya muda mfupi, na gharama yake haikaribii hata kidogo ile ya kufumua injini. Injini ikishafunguliwa, dai vipuri vya zamani urudi navyo nyumbani. Oili nunua mahali unapoaminika, na kopo tupu litoboe ili lisirudi dukani likiwa na oili chafu.

Vijana wanaosoma ukurasa huu nao wasidharau kazi hii. Kisii National Polytechnic, ile iliyojulikana zamani kama Gusii Institute of Technology, hufundisha ufundi wa magari. Aidha, aliyejifunzia kazi chini ya mti anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, NITA, akapata cheti cha kuthibitisha ujuzi wake. Mwenye gari, uliza cheti hicho bila kuona haya.

Na wewe unayetaka kununua? Kanuni za Kenya huruhusu magari yaliyotumika kuingizwa nchini yakiwa hayajapita miaka minane tangu kusajiliwa, kwa hivyo karibu kila Probox unayoiona imekwisha kufanya kazi kwa bwana mwingine. Nenda asubuhi, na kabla muuzaji hajaiwasha weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina moto, ameiamsha mapema ili usisikie inavyokohoa ikiamka. Mwambie utarudi kesho, ikiwa imelala.

Mwenye gari na dereva wake

Sasa turudi kwa mwalimu wetu wa Nyamira. Hatari kubwa ya gari lake haiko kwenye tapeti. Iko kati yake na yule kijana.

Kijana huyo ndiye wa kwanza kusikia ‘tiki-tiki’. Lakini anajua kwamba akipeleka gari gereji saa nne asubuhi, hesabu ya siku haitatimia, na jioni ataulizwa. Basi anafanya wafanyavyo wengi: anaongeza sauti ya redio. Kesho vile vile. Siku ya tano taa ya birika inawaka akiwa mlimani na abiria wamejaa, naye anajiambia afike tu steji. Hafiki. Mama anapigiwa simu akiwa darasani, naye anauliza kwa uchungu, “Mbona hukuniambia mapema?” Ukweli ni kwamba hakuwahi kumwekea kijana nafasi ya kumwambia.

Msomaji, kama una gari linaloendeshwa na mtu mwingine, keti naye kabla kilio hakijaanza. Mkubaliane kwamba siku atakayosimamisha gari kwa sababu ya sauti ngeni au taa nyekundu, hesabu ya siku hiyo haitadaiwa. Wekeni daftari ndani ya gari: tarehe, kilomita, oili iliyoongezwa, na mlio wowote uliosikika. Pimeni oili kila asubuhi kabla ya safari ya kwanza, mahali pamoja palipo sawa. Naye dereva ajue kwamba gari likifa, hesabu ya mwenye gari hukatika na ya kwake pia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingi mfichaji ni yule aliyeogopa kukaripiwa.

Siku moja ya hesabu iliyosamehewa haiwezi kulinganishwa na injini nzima, wala na muhula mmoja wa mtoto kukaa nyumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na siku hizi saruji imepanda bei.

Basi kesho asubuhi, kabla ya redio kuwashwa, washa injini peke yake. Fungua dirisha. Sikiliza kwa dakika moja tu. Ukisikia cherehani, nenda zako kazini kwa amani. Ukisikia saa ya ukutani, umeshajua pa kuanzia.

Hadi Jumapili ijayo, safari njema.